Kuhamisha Nkata: Programu ya Picha Kutoka C Hadi Rust

Makala hii inaeleza kazi iliyonichukua wiki tano nyumbani kwetu Kasungami: kuhamisha programu ndogo ya picha kutoka lugha moja ya kompyuta, C, hadi lugha changa zaidi, Rust. Najua wasomaji wengi wa jarida letu wamo humu kwa ajili ya fasihi na isimu, na neno kompyuta katika sentensi ya kwanza laweza kuwafanya wageuze ukurasa. Naomba subira. Tangu mwanzo hadi mwisho niligombana na mambo yale yale tunayogombana nayo katika somo la tafsiri, na mahali nilipoanguka vibaya kuliko pote nilianguka kwa kusahau nililofundishwa katika somo hilo.

Kila Jumamosi mchana, umeme ukiwapo, watoto wa jirani huja katika lupango letu kujifunza kompyuta. Kompyuta ni moja. Ni ya yaya wangu, ambaye alinitangulia kuzaliwa na kunitangulia katika mambo hayo; alipokwenda Kolwezi kutafuta kazi aliniachia mashine yake, na ndani yake programu ambayo watoto wameipenda kuliko nyingine zote. Ukiifungua, dirisha jeusi la maandishi linajaa nukta, nyota na alama za dola, na katikati ya alama hizo unaona pete nene inageuka polepole, kama mtu anayeizungusha mkononi kuikagua. Hakuna rangi wala mchoro. Ni herufi tupu. Watoto wameipa jina la nkata, ile pete ya kitambaa ambayo mama zetu huweka kichwani chini ya ndoo ya maji, na ambayo Kiswahili sanifu huiita ngata. Aliyeandika programu hii aliiita kwa jina la andazi lenye tundu, linalopendwa sana Marekani. Maandazi ya Kasungami hayana tundu. Kwa hiyo watoto walianza kutafsiri kabla yangu, na walitafsiri vizuri.

Kwa karibu miaka miwili niliwaonyesha nkata hiyo kama mazingaombwe. Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa saba binti mmoja wa miaka 13 akaomba aone maandishi yake, si picha. Nikamfungulia. Akayatazama kwa muda mrefu, akaweka kidole juu ya namba moja.

"Yaya, hii elfu saba na makumi ine ni ya nini?"

Nikamjibu kwamba ni ya mashine. Ni jibu la mtu asiyejua, na yeye aliligundua mara moja, kwa sababu alitoa kidole chake pale na hakuuliza kitu kingine siku ile. Usiku nililala vibaya. Nikaamua kwamba ama nitaielewa programu ile kiasi cha kuweza kuiandika upya kwa lugha ambayo binti yule ataweza kuisoma, ama nitaacha kuwaonyesha.

Programu yenyewe inaitwa donut.c. Andy Sloane aliitoa mwaka 2006, na mwaka 2011 akaandika maelezo ya hesabu zake. Ni ndugu wa maandishi yanayoitwa demo: programu fupi zisizofanya kazi yoyote ya ofisini, zilizoandikwa ili kuonyesha mashine inaweza nini na mwandishi anaweza nini. Tangu miaka ya 1980 vijana wa Ulaya walishindana kwa demo kwenye mashine kama Commodore 64 na Amiga. Mwaka 2020 Ufini iliingiza sanaa hiyo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, na Ujerumani ikafuata mwaka 2021. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunajua orodha za namna hiyo zina uzito gani, na tunajua pia kwamba kitu huanza kuorodheshwa pale watu wanapoanza kuogopa kitapotea.

Na hofu ya kupotea haikuwa ya Ulaya tu. Donut.c inaanza kwa herufi k na nukta-mkato, basi. Katika C ya zamani, jina lililotajwa bila aina lilihesabiwa kuwa namba kamili. Mwandishi hakuhitaji kusema. Kanuni za C za mwaka 1999 ziliondoa ruhusa hiyo, na GCC, programu inayogeuza C kuwa lugha ya mashine, tangu toleo lake la 14 la mwaka 2024 huyakataa maandishi ya namna hiyo usipoipa amri maalumu. Mashine ya yaya inaendelea kuizungusha nkata kwa sababu ni ya zamani kama nkata yenyewe. Siku itakapokufa, na betri yake tayari haimalizi saa nzima, nitabaki na maandishi ambayo mashine mpya itaniambia hayafai.

Kizuizi cha kwanza hakikuwa hesabu, kilikuwa kusoma. Maandishi ya donut.c yamepangwa yafanane na picha inayotoka ndani yake: mistari mifupi juu, mirefu zaidi chini yake, shimo katikati, kisha mifupi tena. Ili umbo hilo lipatikane, maneno yamebanwa bila nafasi, majina ni herufi moja moja, na mstari unakatika popote umbo linapotaka, hata katikati ya hesabu. Nilikaa nayo jioni mbili bila kupata sentensi moja kamili.

Kilichonisaidia kilitoka katika masomo yetu juu ya Kiswahili cha mji huu. Wengi wenu mmekisikia kijitabu cha André Yav cha mwaka 1965 kuhusu historia ya Elisabethville, kilichotolewa kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Kimeandikwa kwa Kiswahili cha hapa, na mwandishi wake hakutenganisha maneno kama tulivyozoea shuleni. Johannes Fabian alipokitoa upya mwaka 1990, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, alieleza kwamba kwa macho peke yake hakikusomeka. Ilibidi Kalundi Mango, mwenye lugha, akisome kwa sauti, na ni katika sauti ndipo maneno yalipojitenga.

Basi nami nikasoma donut.c kwa sauti. Niliketi nje, umeme umekatika, kompyuta magotini, nikatamka kila alama, na kila nilipofika kwenye nukta-mkato nikapumua na kuandika mstari mpya katika daftari. Mama alikuwa anasonga bukari. Akauliza kama nimeanza kunena kwa lugha. Sikuwa na jibu zuri, lakini kufikia chakula nilikuwa na mistari thelathini na kidogo, na kila mmoja ulikuwa sentensi.

Ikishatenganishwa, programu inasema hivi. Chora duara dogo ambalo kutoka kitovu hadi ukingo ni 1. Lisogeze pembeni mpaka kitovu chake kiwe umbali wa 2 kutoka katikati. Sasa lipeleke duara hilo pande zote kuizunguka katikati, kama mkono unavyoviringisha kitambaa kuwa nkata: kila hatua duara dogo linaacha vidoa vyake, na vidoa vyote pamoja ndivyo uso wa nkata. Kwenye duara dogo hatua ni 0.07, kwenye duara kubwa ni 0.02, na pande zote mbili safari inaishia 6.28, ambayo ni mzunguko mzima kwa kipimo wanachotumia wanahisabati. Hiyo ni hatua 90 kwa takriban 314, yaani vidoa zaidi ya 28,000 kwa picha moja. Skrini ina nafasi 1,760 tu: upana wa herufi 80, mistari 22.

Kila kidoa kinageuzwa kwa pembe mbili zinazoongezeka kidogo kila picha, ndiyo sababu nkata haitulii. Kisha nkata nzima inawekwa mbele ya jicho kwa umbali wa 5, na kila kipimo kinagawanywa kwa umbali wake, ili kilicho mbali kionekane kidogo. Baada ya hapo upana unazidishwa kwa 30 lakini urefu unazidishwa kwa 15. Hapa nilisimama sana, nikidhani ni kosa la chapa. Si kosa. Herufi katika dirisha la maandishi ina urefu wa karibu mara mbili ya upana wake. Ukitumia 30 pande zote nkata inarefuka kama yai. Namba hiyo si ya hesabu, ni ya umbo la herufi.

Mwanga unatoka juu, nyuma ya bega la mtazamaji. Programu inapima kila kidoa kimeuelekea kiasi gani, na kwa kipimo hicho inachagua alama moja kati ya 12, kuanzia nukta, ambayo haijazi kitu, hadi @, ambayo karibu inafunika nafasi yake yote. Kwa nini 12? Kwa sababu kipimo cha mwanga hakipiti 1.42, na kikizidishwa kwa 8 hakifiki 12. Mwandishi alihesabu alama zake kama mshairi anavyohesabu mizani.

Kinabaki kitu kimoja, nacho ndicho kilichonidhalilisha baadaye. Vidoa 28,000 katika nafasi 1,760 maana yake vingi vinagombania nafasi moja, na cha mbele lazima kikifiche cha nyuma. Kwa kazi hiyo programu ina daftari la pembeni lenye nafasi 1,760, ambamo inaandika kila nafasi imechukuliwa na kidoa cha umbali gani. Kabla ya kila picha daftari hilo linafutwa.

Na hapo ndipo penye 7040. Daftari lina namba 1,760 zenye desimali, na kila moja inakaa katika baiti 4. Mara 4, ni 7,040. C haiambiwi "futa daftari"; inaambiwa "weka sifuri katika baiti 7,040 kuanzia hapa," na ni juu ya mwandishi kujua kwamba hesabu hiyo inalingana na daftari. Angekosea akaandika 8,000, C ingefuta hata visivyo vyake bila kuuliza. Katika Rust niliandika kwamba daftari lote lijazwe sifuri, na namba ile ikatoweka, kwa kuwa Rust inaujua urefu wa daftari lake. Swali la binti lilikuwa juu ya kitu ambacho katika tafsiri hakipo tena. Nilimwandikia pembeni, katika mstari wa maelezo ambao mashine inauruka: hapa palikuwa na 7040.

Huenda mtu akauliza kwa nini Rust, lugha inayosifika kwa ugumu, na si Python, ambayo wanafunzi wengi huanzia. Python niliijaribu, na kwenye mashine yetu nkata iligeuka kama mgonjwa kitandani. Rust ina kasi ya C. Kuipata kulinigharimu mega nyingi, kwa sababu vifaa vyake ni mamia ya megabaiti, na nilivipakua usiku wa manane kwa simu. Lakini sababu ya kweli ni nyingine. Rust, iliyoanzishwa na Graydon Hoare mwaka ule ule wa 2006 na kufikia toleo lake la 1.0 mwaka 2015, inakataa kuendelea usipoieleza jambo, na inapokataa inaonyesha mstari na kusema kwa nini. Kwa mtoto anayejifunza bila mwalimu karibu, lugha inayokukatalia kwa maelezo ni rafiki kuliko lugha inayokukubalia kimya.

Roman Jakobson aliandika mwaka 1959 kwamba lugha hazitofautiani sana katika yale zinayoweza kuyasema bali katika yale zinazolazimisha yasemwe. Kifaransa kinakulazimisha useme aliyekuja ni mwanamume au mwanamke. Kiswahili kinaridhika na "alikuja". Kwa upande wake Kiswahili kinakulazimisha ujue kila kitu ni cha ngeli gani kabla hujasema kimeanguka. Sikuwahi kuihisi kauli hiyo mwilini mpaka nilipoanza kuhamisha nkata. Katika Rust kila namba ina ngeli. Namba zenye desimali zina zake, namba kamili zina zake, na namba ya kuonyesha nafasi katika daftari ina ngeli ya peke yake, ambayo haiwezi kuwa hasi. Huwezi kujumlisha ya ngeli moja na ya nyingine bila kusema wazi kwamba unaibadilisha. C haijali. Katika C, hesabu ndefu yenye desimali inatumbukizwa katika namba kamili, desimali zinadondoka njiani, na hakuna anayeulizwa.

Nikawaeleza watoto hivi: C ni kama sisi hapa mtaani tunavyosema "kitabu yangu iko wapi", na kila mtu anaelewa. Rust ni mtihani wa Kiswahili sanifu, "kitabu changu kiko wapi", na ukikosa upatanisho karatasi inarudi. (Sisemi kwamba Kiswahili cha Lubumbashi hakina sarufi. Kinayo, na inaeleza mambo ambayo sanifu haielezi. Lakini mkaguzi wa mtihani hayuko Kasungami.) Upatanisho peke yake ulichukua wiki nzima, na karibu nusu ya mistari yangu ya mwanzo ilirudi.

Wakati mwingine ukali huo ulinizawadia. Donut.c ina kipande kinachosema: kipimo cha mwanga kikiwa chini ya sifuri, kihesabu kuwa sifuri. Rust, tangu mwaka 2020, ukibadilisha namba hasi yenye desimali kuwa namba ya nafasi, inakupa sifuri yenyewe. Kipande kizima cha mwandishi kikamezwa na neno moja. Nilikirudisha baadaye. Mashine haikukihitaji, lakini msomaji angeshangaa namba hasi zilikwenda wapi.

Wakati mwingine ilinifunza unyenyekevu. Katika kuchapa picha, donut.c inahesabu kutoka 0 hadi 1760, na hizo ni hatua 1,761 katika daftari la nafasi 1,760. Nilifurahi. Nilidhani nimemkamata bwana mkubwa na kosa. Nikahamisha hatua zote, na Rust ikasimama ikisema: urefu ni 1760 lakini nafasi unayoitaka ni 1760. Nilikuwa tayari nimeanza kuandika barua ya majivuno kwa yaya huko Kolwezi, kisha nikasoma tena. Katika asili, kila hatua inayogawanyika kwa 80 bila baki haichapi kilichomo daftarini; inachapa mwisho wa mstari. 1760 inagawanyika kwa 80. Kwa hiyo mwandishi hafungui kamwe ile nafasi isiyokuwapo. Mimi ndiye niliyeifungua, kwa kusoma daftari kwanza na kuuliza baadaye. Nilibadilisha mpangilio wa mistari miwili nikidhani mpangilio hauna maana.

Kosa kubwa lakini lilikuwa jingine, na Rust haikulisema, kwa sababu sarufi yake ilikuwa safi.

Donut.c haiandiki umbali katika lile daftari la pembeni. Inaandika 1 iliyogawanywa kwa umbali. Kitu kikiwa karibu, namba inakuwa kubwa. Kikiwa mbali, inakaribia sifuri. Na daftari lililojaa sifuri maana yake ni kwamba kila nafasi imeshikwa na kitu kilicho mbali kupita kiasi. Ni akili nyingi katika nafasi ndogo. Mimi nikaona ni fumbo litakalowasumbua watoto, nikaamua kuboresha: niandike umbali wenyewe, wauelewe. Nikabadilisha kinachoandikwa. Sikubadilisha ulinganisho. Asili ilisema "mwenye namba kubwa anashinda", nami nikauacha hivyo hivyo, neno kwa neno, mwaminifu kabisa. Katika programu yangu, kwa hiyo, aliye mbali zaidi ndiye aliyeshinda.

Jumamosi hiyo walikuja watoto kumi na mmoja. Nkata ikatokea, ikageuka, wakapiga makofi, nami nikapokea makofi. Binti yule hakupiga. Alisogea mpaka pua ikakaribia skrini.

"Yaya, iko naonyesha mugongo."

Nikamwambia hapana, ni ile ile. Akanyamaza, halafu akaomba ile ya zamani. Nikaifungua, nikaifunga, nikafungua mpya. Katika ya zamani, nkata ikiinama, mdomo wa mbele unalifunika tundu. Katika yangu, ukuta wa nyuma ndio uliolifunika tundu, kana kwamba mbele ni kioo. Tena yangu ilikuwa na giza, nukta nyingi na @ chache, kwa sababu tuliyokuwa tunauona ni upande uliougeuzia mwanga kisogo. Mtu asiyejua anaona pete inageuka na anaridhika. Mimi nilikuwa nimeitazama siku tatu na kuridhika.

Lile jibu la zamani, ni ya mashine, lilinijia hadi kwenye ulimi. Safari hii nilisema sijui, tutafute. Tulipekua mstari kwa mstari mpaka betri ikaisha, na hatukupata. Nilipata peke yangu Jumanne, nikiwa katika somo la tafsiri, mwalimu akieleza kwamba mfasiri akigeuza sitiari moja lazima afuatilie kila mahali sitiari hiyo inapoegemea. Nilitoka darasani kabla ya wakati. Naomba radhi kwa mwalimu huyo, ambaye labda alidhani somo limenichosha.

Nilirudisha 1 iliyogawanywa kwa umbali, kama asili, na kuandika maelezo ya mistari minne juu yake. Watoto walielewa. Kilichoonekana kwangu kuwa fumbo hakikuwa gumu kwao. Mmoja alisema ni kama sauti ya mtu anayekuita, akiwa karibu ni kubwa, akiwa mbali inaisha.

Baada ya hapo niliandika kila kitu upya tangu mwanzo, na sioni aibu. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, na mwaka 1969 akaitoa tena, imerekebishwa hadi jina, Juliasi Kaizari. Katika toleo la pili la kwangu nilipaswa kuamua mambo mawili ambayo asili haikuniamulia.

La kwanza ni mwendo. Hakuna mahali popote katika donut.c ya mwanzo panaposema nkata izunguke kwa kasi gani. Inachora picha, na mara moja inaanza nyingine, haraka kadiri mashine inavyoweza. Kwenye mashine ya yaya kasi hiyo ni ya kupendeza. Kwenye kompyuta mpya ya rafiki yangu mmoja wa hapa kitivoni, nkata ilikuwa ukungu. Nani mwaminifu: anayeacha mashine iamue, kama mwandishi, au anayehifadhi kile watazamaji walichokiona? Nilichagua watazamaji. Kati ya picha na picha programu yangu inapumzika sehemu 30 za elfu za sekunde, na mzunguko wa pembe ya polepole, ambao ni picha 314, unachukua kama sekunde kumi.

La pili ni umbo, na hapa sina raha na uamuzi wangu. Maandishi ya asili ni pete. Yangu ni mistari iliyonyooka, yenye majina marefu: umbali, mwanga, upana. Rust haijali sana nafasi kati ya maneno, kwa hiyo kuyaviringisha kunawezekana. Python ingekataa, kwa sababu kwake nafasi mwanzoni mwa mstari ni sarufi. Niliviringisha nusu, nikaona majina yanarudi kuwa herufi moja moja, na msomaji niliyekuwa namwandikia anatoweka. Nikaacha. Mwenzangu wa mwaka wa mwisho anasema nimefanya kama wanaotafsiri utenzi kwa nathari: habari yote imo, na hakuna atakayeiimba. Hajakosea. Nimeiweka asili katika faili moja na tafsiri, juu kabisa, kama maelezo ambayo mashine inayaruka, ili anayefungua aikute pete kwanza.

Jumamosi iliyopita binti alileta daftari lake mwenyewe na kuomba nimwachie kiti. Alikuwa ameandika nyumbani orodha ya namba za kujaribu. Akabadilisha 5, umbali wa nkata kutoka kwa jicho, akaweka 4. Nkata ikakua, ikakaribia kujaza dirisha, na kila ilipoinuka, ukingo wake wa chini ukakatwa kama kwa kisu.

Akauliza kile kipande kilichokatwa kimekwenda wapi. Nikamwonyesha mstari unaouliza kama kidoa kimo ndani ya mistari 22 na herufi 80 kabla ya kukiandika, na nikamwambia kisichomo hakiandikwi popote. Akauliza kingekuwaje kama mstari huo haupo. Katika C, nikasema, kingeandikwa juu ya kitu kingine, na huenda tusijue ni kitu gani. Katika hii?

Betri ilikuwa imebaki asilimia 6. Nikamwambia aufute mstari huo, tuone.